Glavu ya Mkono Mzima

Kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Kadii alikuwa amekwisha kukoka moto, ameteleka chai ya mkandaa isiyo na maziwa na kufagia uwanja. Kisha ilifuata kazi iliyomshinda nguvu. Alimwinua mamake kitandani, akamkalisha kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, akamfunga leso, halafu akaushika mkono wake wa kulia na kuupitisha taratibu ndani ya blauzi. Mkono ulikuwa mzito na baridi, na vidole vyake vimejikunja kama vya mtoto mchanga. Kadii alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko gredi ya sita, na tayari alikuwa fundi wa kumvisha nguo mtu mzima.

"Umelalaje, mama?"

"Ha... haya," alijibu mamake. Hilo lilikuwa mojawapo ya maneno machache aliyobaki nayo.

Jedida, mamake Kadii, hakuwa hivyo tangu zamani. Kuanzia Mnarani hadi Takaungu, mtu akitaka makuti ya kuezekea alielekezwa kwake. Alikunja majani ya mnazi juu ya fito, akayashona kwa kamba nyembamba, na kuti likatoka limenyooka bila pengo hata la kupenya mwanga. Kwa siku moja alishona arobaini huku akipiga soga na kuwatania wapita njia. Hoteli kadhaa za Watamu zilikaa chini ya kazi ya mikono yake. Mumewe, Mwambire, alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huko Gongoni na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi, kwa hiyo siku nyingi mama na mwana walikuwa wawili tu.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia Jedida ana presha, akampa tembe za kumeza kila siku. Akazimeza wiki tatu. Alipojiona mzima, akaziweka juu ya kabati. "Dawa ni za mgonjwa," alisema, "nami nashona makuti arobaini." Asubuhi moja ya mwezi wa pili, jani likamponyoka mkononi. Akaliokota, likamponyoka tena. Mdomo ukapinda upande mmoja, na alipojaribu kumwita Kadii, sauti ilitoka bila neno ndani yake. Majirani wakabishana kwanza kama ni pepo au ni ugonjwa. Walipokubaliana kwamba ni ugonjwa, jua lilikuwa limekwisha kupinduka. Hospitalini Kilifi daktari akasema ni kiharusi, mshipa wa damu umeziba upande wa kushoto wa ubongo, na kwamba wangalimleta mapema zaidi angaliokoa mengi.

Mwezi mmoja baadaye waliitwa kwenye chumba kidogo nyuma ya wodi. Aliyewapokea alikuwa Daktari Foram, mwanamke mfupi mwenye miwani, mzaliwa wa Malindi ambako babake alikuwa na duka la vitambaa.

"Shikamoo, daktari," Kadii alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe Kadii? Nimeambiwa nyumbani wewe ndiye mkuu wa kaya." Kisha akamgeukia Jedida na kumwinamia. "Pole sana, Mama Kadii. Leo hakuna sindano. Nitakuvisha kofia tu."

Ilikuwa kofia nyeusi ya kubana, imejaa vitaa vidogo na nyaya nyembamba. Jedida aliitazama kwa jicho la wasiwasi, na daktari akacheka kidogo.

"Usiiogope. Hainyonyi damu wala haisomi siri za mtu. Mwanga wake hupenya ngozi na mfupa kidogo tu, kisha hurudi na kutuambia ni sehemu gani ya ubongo inayovuta damu zaidi. Sehemu ikifanya kazi, huvuta damu. Nasi hapa kwenye skrini tunaiona ikiwaka."

Alimwomba Jedida akunje na kukunjua mkono wa kushoto, ule mzima. Kwenye skrini palikuwa na mchoro wa ubongo, wa rangi ya buluu. Mara, upande wa kulia, likatokea doa jekundu likawa linapanuka.

"Mkono wa kushoto huendeshwa na upande wa kulia wa ubongo, na wa kulia huendeshwa na wa kushoto," daktari alimweleza Kadii. "Sasa, Mama Kadii, kunja mkono wa kulia. Usijali kama haukunjiki. Wewe uamrishe tu."

Jedida akakaza uso mpaka jasho likamtoka. Kidole gumba kilitikisika kidogo, basi. Kadii alitamani kufumba macho. Lakini pale kwenye skrini, upande wa kushoto, pakatokea doa dogo la njano, hafifu, likatetemeka na kufifia.

"Mmeliona?" Daktari Foram aliuliza, na sauti yake ilibadilika. "Mkono umelala, lakini anayeuamrisha yu macho. Njia ya zamani imeziba. Ubongo unaweza kutafuta njia nyingine, ila hauitafuti mpaka ushurutishwe. Kama kijia cha shambani: kikipitwa kila siku kinapanuka, kisipopitwa kinaota nyasi."

Machozi yakamdondoka Jedida. Tangu Februari alikuwa akiambiwa pole na kila mtu, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna kitu ndani yake kingali hai.

Ndipo daktari akatoa glavu. Ilikuwa nene, ya kitambaa cha samawati, haina mahali pa vidole. "Hii ni ya mkono mzima," alisema. Kadii akadhani amesikia vibaya. "Ndiyo, ule mzima. Kila siku kwa saa mbili mkono wa kushoto utavaa glavu ili usiweze kushika kitu. Akitaka maji, aujaribu wa kulia. Akitaka kujifuta jasho, huo huo. Wewe kazi yako ni kukaa karibu asiumie, na kuandika kwenye daftari hili: glavu imevaliwa saa ngapi, imevuliwa saa ngapi, mkono umejaribu nini. Na usimsaidie."

"Hata akilia?"

"Hata akilia, Kadii. Miezi hii ya mwanzo ndiyo ubongo husikia zaidi. Baadaye husikia pia, lakini kwa taabu kubwa. Wagonjwa wangu wa majaribio haya ni kumi na wawili tu, na nitakalojifunza kwao ndilo nitakalowafanyia wengine. Baada ya wiki sita tutapiga picha tena."

Siku ya kwanza ya glavu Kadii hakuisahau tena. Saa kumi alirudi kutoka shuleni, akamvalisha mamake ile glavu ya samawati kwenye mkono wa kushoto, akamwekea kikombe cha maji mezani. Jedida aliuburuta mkono wa kulia mezani kama mtu anayeburuta gunia. Vidole vikagusa kikombe, kikapinduka, maji yakamlowesha mapaja. Kadii akajaza tena. Kikapinduka tena. Mara ya tisa Jedida aliinamisha kichwa akalia kwa sauti, na kulia kwake hakukuwa na maneno, kulikuwa na sauti tu.

"To... to... a," alisema, akiuinua mkono wenye glavu.

"Daktari amekataza, mama. Nisamehe."

Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Siku ya tatu akaingia Mama Trizah, jirani yao, mwanamke mwenye moyo mwema na mdomo usio na mlango. Alikuwa amebeba bakuli la sima na mboga chungu ya mchunga. Alikuwa mmoja wa waliomlisha Jedida mchana wakati Kadii yuko shuleni, maana Jedida hakukubali kula kwa mkono wa kushoto mbele ya watu. Tangu utoto alifunzwa kwamba mkono huo hauingii kwenye sahani, na kiharusi hakikumfuta adabu. Kwa hiyo wanawake wa mtaa walipeana zamu kumtilia matonge kinywani, na hakuna aliyeona kosa. Kumlisha mgonjwa ni heshima.

Mama Trizah aliiona glavu, akaona na leso iliyolowa. Bakuli likabaki hewani.

"Ee! Kuishi kwingi ni kuona mengi! Mwana kumfunga mamake mkono mzima kama anayefunga mbuzi! Mbovu haushiki, mzima umefungwa, sasa huyu mtu ashike kwa nini, kwa meno?"

"Ni daktari, Mama Trizah. Ni mazoezi."

"Mazoezi ni ya wanajeshi. Mgonjwa hupumzishwa, hulishwa, akaombewa. Huoni anavyolia? Ama wewe huna huruma?"

Neno hilo lilimchoma Kadii mahali palipokwisha kuwa kidonda. Siku iliyofuata, kikombe kilipopinduka mara ya pili na mamake akaanza kutetemeka midomo, akaivua glavu. "Daktari amesema tukipumzika kidogo si vibaya," alisema. Daktari hakusema hivyo. Jedida alimtazama kwa muda mrefu, kisha akakishika kikombe kwa mkono wa kushoto, akanywa maji yote kwa pumzi moja.

Wahenga husema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Katika nyumba ile mambo yalipinduka: mwana ndiye aliyechelea mama kulia. Lakini tuseme kweli yote, maana Kadii mwenyewe baadaye aliisema. Haikuwa huruma peke yake. Mkono mzima ukiwa huru, Jedida aliweza kujimiminia maji na kujifunika leso, na Kadii hakuhitaji kukaa pale akimtazama. Jioni hiyo hiyo Pola, rafiki yake wa darasani, alipiga mluzi uani.

"Kadii! Mwalimu anauliza mfungaji wake yuko wapi. Tunaenda Malindi mwezi wa tano, na bila wewe tutafungwa mpaka tushindwe kuhesabu!"

Kadii alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya shule. Alimtazama mamake, akatazama uani. "Nitarudi sasa hivi, mama," alisema, akaenda mbio.

Aliporudi giza limeingia, daftari lilikuwa mezani, likimngoja. Angeweza kuuacha ukurasa mtupu. Badala yake akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Saa kumi, glavu imevaliwa. Saa kumi na mbili, imevuliwa. Mama amejaribu kushika kikombe mara ishirini.* Kesho yake akaandika tena, na keshokutwa, na ikawa rahisi kama kuandika tarehe. Siku nyingine aliandika mara ishirini na tano ili ionekane mama anaendelea.

Wiki sita zikapita. Timu ya netiboli ilikuwa imepamba moto, na Kadii alifunga kutoka kila upande. Mkono wa kulia wa Jedida ulilala chini ya leso kutwa kucha. Kwenye kiwiko ulianza kukakamaa, na kumvisha blauzi kukawa kugumu zaidi. Kadii aliliona hilo kila asubuhi, na kila asubuhi aligeuza macho.

Siku ya picha ya pili walivuka daraja la Kilifi kwa tuktuk mpaka hospitalini. Daktari Foram alilifungua daftari, akatabasamu. "Mashaallah. Kati ya wagonjwa wangu wote, hakuna daftari lililojazwa vizuri hivi. Haya, kofia kichwani."

Alipokunja mkono wa kushoto, upande wa kulia wa ubongo ukawaka mwekundu kama mwanzo. Kisha Jedida akauamrisha wa kulia, uso ukakunjamana, jasho likamtoka. Wakangoja. Upande wa kushoto wa ubongo ulibaki buluu. Daktari akamwomba ajaribu tena, na tena. Mara moja tu kikapita kivuli cha njano, kidogo kuliko kile cha kwanza, kikazimika.

Daktari Foram alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alilifungua daftari tena, akalitazama ukurasa baada ya ukurasa.

"Mama Kadii," daktari alisema polepole, "umejitahidi kuliko wote. Nami sitakudanganya. Kwa mazoezi haya yote, picha ilitakiwa iwe imebadilika. Haikubadilika, tena imefifia. Nadhani kiharusi kilikata zaidi ya tulivyofikiri. Kuendelea na glavu itakuwa ni kukutesa bure, kwa hiyo tutaacha. Nitaandika kwamba mazoezi haya hayamfai mtu mwenye kiharusi cha namna hii, ili na wengine kama wewe wasiteswe."

Jedida hakulia. Aliutazama mkono wake wa kulia kwa kitambo. Kisha kwa mkono wa kushoto akavuta ncha ya leso, akaufunika mkono ule wote, taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

"Ha... ya," alisema.

Nje, kwenye benchi la kungojea, alipekua mfuko wake, akatoa ile glavu ya samawati. Ilikuwa safi kana kwamba imetoka dukani jana. Akampa Kadii. "Ru... disha," alisema.

Kadii alirudi ndani peke yake. Hatua zilikuwa chache, lakini aliziona nyingi. Angeiweka glavu mezani na kusema ahsante, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Mama angezoea. Watu huzoea. Lakini mawazo yake hayakuweza kuondoka kwenye ile leso iliyovutwa juu ya mkono uliokuwa hai.

"Daktari," alisema. "Daftari ni la uongo."

Daktari Foram aliacha kuandika.

"Sikumvalisha. Nilimvalisha siku tatu za kwanza. Zilizobaki niliandika tu."

"Siku tatu? Kati ya arobaini na mbili?"

"Ndiyo, daktari. Alikuwa akilia. Na mimi... mimi nilitaka kwenda kucheza netiboli."

Alitarajia kufokewa, na moyoni alitamani afokewe, apumue. Daktari alichukua karatasi aliyokuwa akiiandika, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pipa la taka. Alipozungumza sauti yake ilikuwa chini, na haikuwa na upole wa siku zote.

"Unajua nilikuwa nimekwisha kuuzika mkono wa mamako? Na si wake tu. Nyuma yake kuna watu wengine ambao ningewavua glavu kwa sababu ya mwandiko wako mzuri. Twende nje. Hili si la kuniambia mimi peke yangu."

Benchini, Kadii alipiga magoti mbele ya mamake akamwambia yote, la huruma na la netiboli na la kusingizia kwamba daktari ameruhusu mapumziko. Jedida alisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akauinua mkono wa kushoto juu. Kadii akafumba macho, akangoja kofi, na kweli alilitaka.

Kofi halikuja. Alipofumbua macho, mkono ulikuwa umenyooshwa mbele yake, vidole vimekunjwa pamoja, tayari kuvalishwa.

"Na... mi... mi," Jedida alisema. Kila silabi aliichimbua kama kisiki. "Ni... li... ju... a."

Alikuwa amejua tangu siku ile glavu ilipovuliwa kwamba hakuna daktari aliyeruhusu. Alijua, akanywa maji.

"Sikilizeni," Daktari Foram alisema, akiketi kando yao. "Tunaanza upya leo. Lakini siwapi ahadi za uongo, uongo umetosha. Wiki zile sita zilikuwa bora kuliko zote, na maji yakimwagika hayazoleki. Mkono huu hautakuwa ulivyokuwa. Utarudi kiasi gani, sijui. Tutakichukua kitakachopatikana."

Timu ilikwenda Malindi bila mfungaji wake, ikafungwa mechi zote mbili. Pola alinuna wiki nzima, kisha akaja kuona kwa macho yake ni nini kilichomzuia mwenzake. Alikaa mlangoni akaona kikombe kikianguka mara kumi na nne. Tangu hapo hakunung'unika tena, na siku nyingine alikuja kuokota kikombe.

Mama Trizah naye alikuja na bakuli lake na maneno yake. Safari hii Kadii alimvutia kigoda.

"Shikamoo, Mama Trizah. Ukitaka kutusaidia, keti nasi. Lakini usimlishe tafadhali. Tazama tu."

"Nitazame mtu anateseka?"

"Ndiyo. Mimi pia natazama. Daktari ametuonyesha kwenye picha: tukimfanyia sisi, ubongo wake unalala."

Mama Trizah aliketi akauma ncha ya leso yake. Tonge lilipoanguka mara ya tatu, mkono wake ulichupa kusaidia, akaurudisha mwenyewe. Alimwaga machozi kuliko mgonjwa. Lakini kesho yake alirudi, na alipoondoka alisimulia mtaa mzima, na wale wanawake wa zamu wakaacha kumtilia Jedida matonge saa za glavu.

Daftari jipya halikuwa zuri kama la kwanza. Lilikuwa na madoa ya maji na mistari iliyokatwa. *Leo mama amekataa glavu, tumevaa nusu saa tu. Leo kikombe kimesogea bila kuanguka. Leo nimemwonea huruma nikamshikia kikombe mara moja, kosa ni langu. Leo mama amenitukana, neno limetoka zima.*

Mwezi wa nane Jedida akavishwa kofia tena. Mwambire alikuwa amepata ruhusa kazini, akaja nao, akasimama nyuma ya kiti cha mkewe na mikono yake iliyochanika kwa chumvi. Jedida akauamrisha mkono. Kidole gumba na kidole cha shahada vikasogeleana polepole, vikagusana. Na kwenye skrini, upande wa kushoto, karibu na ile sehemu iliyokufa, likaja doa la rangi ya embe bivu, likakaa. Halikutetemeka.

"Ubongo umepata njia," Daktari Foram alisema. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Vidole vitatu vya mwisho havijaamka, na labda havitaamka. Kushona makuti arobaini kumekwisha. Lakini mkono huu si maiti."

Kisha akamvuta Kadii mbele ya skrini.

"Mwanangu, nataka ulibebe hili ukue nalo. Ile picha ya pili haikukosea. Mashine ilisema kweli, mimi nikaisoma vibaya, kwa sababu mashine huona ndani ya kichwa na haioni ndani ya nyumba. Ya nyumbani ulikuwa nayo wewe. Daktari, mwalimu, hata mzazi, wote hutegemea kweli anayowapa mtu mdogo kama wewe, na ukiwapa uongo watapotea pamoja nawe. Kumhurumia mamako si kosa. Ungeniandikia kwamba analia na umeshindwa, ningekuja kuwasaidia siku ile ile. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

"Nawe Mama Kadii, zile tembe za presha?"

Jedida akaugonga mfuko wake kwa mkono wa kushoto. Tembe zilichezacheza ndani ya kichupa.

Jioni hiyo nyumbani Mwambire alisonga sima, Mama Trizah akaleta mchunga, wakaketi wote mkekani kuizunguka sinia. Jedida alinyoosha mkono wa kushoto kwa Kadii bila kuambiwa, na Kadii akamvalisha glavu. Ile samawati ilikuwa imechujuka sasa, na imechanika ukingoni.

Hakuna aliyekula. Mkono wa kulia uliinuka ukitetemeka, ukafika kwenye sinia. Vidole viwili vikamega tonge dogo. Likaanguka juu ya mkeka. Mwambire akageuza uso. Vikamega la pili, likapanda mpaka kidevuni, likaanguka mapajani. Mkono wa Kadii ulijinyanyua wenyewe, akaukalia.

Tonge la tatu lilifika. Jedida alilitafuna polepole sana, macho yamefumbwa, machozi yakimtiririka kwenye upande ule wa uso uliopinda. Mama Trizah akapiga kigelegele kilichokatikia njiani kwa kilio.

"Ameweza!" Mwambire alisema. "Kadii, lete daftari, andika! Andika mamako amekula kwa mkono wake wa kulia!"

Kadii alilifungua daftari. Kalamu ilikuwa haijagusa karatasi Jedida alipotikisa kichwa na kuunyooshea mkeka ile glavu.

"Andika... yo... te," alisema. "Na... yali... yo... anguka."

Kadii akaandika: *Leo mama amekula tonge moja kwa mkono wake wa kulia. Mawili yameanguka.*